Yule mwakilishi wa distrikti kwenye kikao cha IEP, "ndiyo" yake ina uzito gani?

Nimeletewa swali na mama mmoja anayeishi Ohio, familia yake ilitoka Kivu kule Congo ikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kufika Marekani. Mwanawe ana miaka 8, ana usonji, na maneno anayoyatamka bado ni machache. Naliweka hapa kwa ufupi, na kwa asiyejua, IEP ni mpango wa maandishi wa elimu ya mtoto mmoja mwenye ulemavu:

"Mwalimu, juzi tulikuwa na kikao cha IEP cha mwanangu. Niliomba aongezewe spichi, yale mazoezi ya kuongea, kutoka dakika 30 kwa wiki ziwe 60, maana mwaka mzima sioni mabadiliko. Kulikuwa na baba mmoja walisema ni mwakilishi wa distrikti, akanijibu distrikti haifanyi hivyo, labda akaulize ofisini. Baada ya robo saa akachukua kompyuta yake akaondoka. Mkalimani hakuwepo, aliyenitafsiria ni binti yangu wa miaka 13. Mwisho wakaniambia nisaini, nikasaini. Sasa yule baba ni nani hasa? Anaruhusiwa kuondoka? Na mimi ndo nimeshakubali?"

Pole dada yangu, na asante kwa kuuliza, maana hili swali wazazi wengi wanalo moyoni ila wanaona aibu kulisema. Mi nimefundisha elimu maalumu huku, halafu nikakaa miaka kadhaa kwenye hicho hicho kiti cha yule baba, na sasa hivi nakaa upande wa wazazi. Kwahiyo nakujibu kama mtu niliyeiona hiyo meza kutoka pande zote.

Kwanza tuelewane distrikti ni nini, manake ukisema wilaya mtu wa kwetu anamuona mkuu wa wilaya na bendera kwenye gari. Distrikti ya shule Marekani ni chombo kinachojitegemea, kinaendesha shule za eneo fulani, kina bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa na wananchi wenyewe, kina bajeti yake ambayo sehemu kubwa inatoka kwenye kodi za nyumba na ardhi. Nchi nzima ziko kama 13,000 hivi. Sheria inakiita wakala wa elimu wa eneo, ndo zile herufi LEA utaziona kwenye makaratasi. Na kinachobeba jukumu la kumfundisha mwanao ni hiyo distrikti, mwalimu wake pale darasani ni mfanyakazi wake tu. Mwalimu anaweza akampenda mtoto kama wa kwake, akakubaliana na wewe kila neno, lakini hana mkono wa kusaini ajira ya mtaalamu wa spichi. Ndo maana sheria ikasema kwenye kile kikao lazima awepo mtu anayeisemea distrikti yenyewe, ili ukiomba kitu usiambiwe mwenye nyumba hayupo.

Sheria yenyewe, ya elimu ya watoto wenye ulemavu, Rais Gerald Ford aliisaini Novemba 1975. Kabla ya hapo shule za Marekani zilikuwa zinawakataa watoto wenye ulemavu mchana kweupe na mzazi hana pa kwenda. Mwaka 1990 ikabadilishwa jina ikawa IDEA, ikafanyiwa marekebisho makubwa 1997 na tena 2004. Tangu mwanzo iliweka kwamba mpango wa mtoto unatengenezwa na timu, na kwenye hiyo timu mzazi ni mjumbe kamili. Nalirudia hili kwasababu wazazi wetu wengi wanaingia pale kama walioitwa na mwalimu mkuu mtoto kafanya kosa, wanakaa pembeni mikono magotini. Hapana dada, we ni mjumbe kama yule baba, jina lako kwenye orodha ya sheria liko la kwanza kabisa.

Sasa yule mwakilishi. Kanuni zinamtaka awe na mambo matatu. Awe na sifa za kutoa au kusimamia mafundisho maalumu, awe anajua mtaala wa kawaida ambao watoto wengine wote wanasoma, na awe anajua distrikti ina nini na nini cha kutoa, yaani wataalamu, vifaa, programu, usafiri. Hiyo ya tatu ndo roho ya kazi yake. Na serikali kuu ilishafafanua miaka mingi kwamba mtu huyu anatakiwa awe na mamlaka ya kuahidi kwa niaba ya distrikti, akisema ndiyo basi huduma iliyoandikwa kwenye IEP itatolewa kweli, isije ikafika ofisi ya juu mtu akaikata kwa kalamu. Kwahiyo akikwambia "ngoja niulize ofisini" kwenye jambo la dakika 30 za spichi, hapo kuna tatizo. Ni sawa kwenda kuuliza ratiba, ama mtaalamu gani ana nafasi siku gani, hayo ni ya kawaida. Lakini kama hawezi kukubali wala kukataa kitu chochote mpaka mtu mwingine ambaye hayupo mezani aseme, basi kile kiti kilikuwa na mtu lakini kwa sheria ni kama kilikuwa kitupu.

Anaweza kuwa nani? Anaweza kuwa makamu mwalimu mkuu, mratibu wa elimu maalumu, mkurugenzi, hata mwanasaikolojia wa shule au mwalimu wa elimu maalumu akiteuliwa na ana zile sifa. Mtu mmoja anaruhusiwa kuvaa kofia mbili. Kwenye makaratasi ya Ohio utaona wameandika mwakilishi wa distrikti, ukihamia Kentucky kikao kinaitwa ARC na Texas kinaitwa ARD, majina yanabadilika lakini kile kiti ni kilekile. Usisumbuke na cheo chake. Uliza tu mwanzoni kabisa, kabla hata ya kusoma malengo: leo nani anaiwakilisha distrikti, na ana mamlaka ya kukubali huduma hapahapa? Utaona watu wanaangaliana. Uliza kwa upole, ila uliza, na jibu liandikwe kwenye maelezo ya kikao.

Sasa yale maneno "distrikti haifanyi hivyo". Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo yanayowaumiza watoto wengi kuliko kingine chochote.

IEP ni mpango wa mtoto mmoja. Huyu huyu, na maneno yake machache, na ripoti zake. Distrikti haiwezi kuwa na jibu ambalo lilishaandaliwa kwa watoto wote kabla hata hamjakaa. Kuna kesi ya Tennessee, Deal dhidi ya bodi ya elimu ya Hamilton County, mahakama ya rufaa iliamua 2004. Wazazi wa mtoto mwenye usonji walikuwa wanaomba aina fulani ya mafundisho, na mahakama ikaona distrikti ilikuwa na sera isiyosemwa ya kukataa aina hiyo hata mtoto akihitaji vipi, kwahiyo wale wazazi walikaa kwenye vikao vyote lakini sauti yao haikuwa na nafasi ya kubadilisha kitu, uamuzi ulishafanyika kitambo. Mahakama ikasema huko ni kuvunja sheria. Na hiyo mahakama inasimamia majimbo manne, Tennessee, Kentucky, Michigan na Ohio. Ohio yako dada.

Nikwambie na la kwangu. Nilipokuwa mwakilishi, mkubwa wangu mmoja aliniita asubuhi kabla ya kikao akaniambia, yule mtoto usiahidi msaidizi wa peke yake, hata mama akilia. Mi nikaenda na hilo neno mfukoni. Mama alilia kweli. Nikasema "hatutoi hiyo", na nikaona jinsi alivyokunja karatasi zake taratibu akaziweka kwenye mkoba, hakuuliza tena. Yule mtoto alipata msaidizi mwaka uliofuata baada ya mwanasheria kuingia, lakini ule mwaka mmoja hakuna wa kumrudishia. Ndo sababu niliacha ile kazi, na ndo sababu swali lako nimelijibu usiku huu huu.

Lakini niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Shule kukaa kabla ya kikao na kujiandaa sio kosa, kanuni zinaruhusu walimu wazungumze, waandae rasimu, waje na mapendekezo. Kosa ni kuja na mlango umefungwa. Wakija na rasimu wakasema tunafikiri dakika 30 zinatosha kwasababu hizi na hizi, wewe unaonaje, wakasikiliza, wakapima, hata wakikataa mwisho wa siku wamefanya kazi yao. Wakija na rasimu wakasema hivi ndivyo tunavyofanya hapa, hawajafanya.

Na hela? Yule baba hakutaja hela lakini mara nyingi ndo kitu kinachokaa nyuma ya ulimi. Naelewa kwanini. Mwaka 1975 bunge la Marekani liliahidi kwamba serikali kuu itafika kuchangia asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa ajili ya elimu maalumu, na mpaka leo haijawahi kufika hapo, kwahiyo mzigo unaobaki unaangukia majimbo na distrikti. Mwakilishi anakaa pale akijua hiyo hesabu. Ila hilo ni deni kati ya wakubwa na wakubwa, mtoto haingii. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa na kesi ya Cedar Rapids kule Iowa, kijana aliyekuwa anapumua kwa mashine alihitaji mtu wa kumhudumia muda wote akiwa shuleni, distrikti ikasema ni ghali mno, mahakama ikasema huduma anayoihitaji ili aweze kukaa darasani lazima itolewe. Sasa mlinganishe huyo na dakika 30 za spichi kwa wiki. Ikiwa kuna njia mbili zote zinamfaa mtoto, distrikti inaweza kuchagua ya bei nafuu, hiyo ni haki yao. Ila haiwezi kusema mtoto anahitaji halafu isitoe kwasababu ya bei.

Hoja yako ya "sioni mabadiliko" ni nzito kuliko unavyodhani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu, kwenye kesi ya Endrew F. iliyotoka Colorado, ilisema mpango lazima uwe umetengenezwa ili mtoto aweze kupiga hatua inayoendana na hali yake. Ilikuwa mtoto mwenye usonji pia, malengo yake yalikuwa yanarudiwa mwaka hadi mwaka karibu yaleyale. Kwahiyo nenda kachukue IEP ya mwaka jana na ya mwaka huu, uziweke pamoja mezani kwako. Kama lengo la kuongea ni lilelile, maneno yaleyale, basi huna haja ya kubishana kwa hisia, weka karatasi mbili mbele ya yule baba na uulize: mlipanga nini kibadilike?

Tuje kwenye kuondoka. Hapana, hakutakiwa kuondoka hivyohivyo. Wajumbe wa lazima wanaweza kuruhusiwa kutokuwepo, kikao chote au sehemu yake, lakini kwa maandishi. Kama mada yake haiguswi siku hiyo, wewe na distrikti mnakubaliana kwa karatasi kwamba si lazima awepo. Kama mada yake inaguswa, mpaka wewe utoe ridhaa kwa maandishi, na yeye alete mchango wake kwa maandishi kabla ya kikao. Mchango wa mwakilishi ndo mamlaka ya distrikti, na wewe ulikuwa unaomba huduma iongezwe, sasa mada yake haikuguswaje? Angalia karatasi ulizopewa kama kuna fomu ya ruhusa yenye sahihi yako. Saa zingine wanaiweka katikati ya rundo na mzazi anasaini bila kujua, nimeona hiyo zaidi ya mara moja.

Na binti yako. Hili limeniuma. Kanuni za IDEA zinasema distrikti lazima ifanye kila linalohitajika kuhakikisha mzazi anaelewa kinachoendelea kwenye kikao, ikiwemo kuleta mkalimani kwa mzazi ambaye lugha yake sio Kiingereza, na gharama ni yao. Mtoto wa miaka 13 hajui kutafsiri maneno ya ripoti ya mwanasaikolojia, hata mtu mzima aliyesoma anahangaika nayo, na zaidi ya hapo anasikia mambo ya mdogo wake ambayo hakutakiwa kuyabeba yeye. Wakikuletea mkalimani wa simu hakikisha ni wa Kiswahili unachokielewa, manake nimekaa kwenye vikao mkalimani ni wa pwani na mama ni wa Uvira, wanapishana kila sentensi ya tatu. Una haki ya kusema simuelewi huyu, naomba mwingine.

Sahihi yako sasa. Usilale macho wazi kwa hilo. Mambo ya IEP hayapigiwi kura, watu watano wakikubali na mmoja akakataa sio kwamba watano wameshinda. Timu inajaribu kukubaliana, ikishindikana distrikti ndo inatoa uamuzi wa mwisho kwa sababu ndo yenye jukumu, na wewe unabaki na haki zako zote za kupinga. Kwenye fomu ya Ohio, ukurasa wa sahihi, kuna sehemu ya kuonyesha umekubali na kuna sehemu ya kusema nilihudhuria ila sikubaliani na huduma fulani, angalia tiki iko wapi. Hata kama iko kwenye kukubali, IEP inaweza kufunguliwa tena wakati wowote ukiomba, mara moja kwa mwaka ni kiwango cha chini tu, na mtu aliyesaini kitu ambacho hakutafsiriwa vizuri ana la kusema.

Kuna karatasi moja nataka uijue kwa namba yake, PR-01. Hiyo ndo taarifa ya maandishi ya distrikti huko Ohio. Kila wanapokataa kubadilisha huduma ulizoomba, sheria inawataka waandike: wamekataa nini, kwa nini, walitumia ripoti gani kufikia hapo, njia gani nyingine walizifikiria na wakaziacha kwasababu gani. Na iwe kwa lugha yako isipokuwa haiwezekani kabisa. Uzuri wake ni huu, maneno "distrikti haifanyi hivyo" ni rahisi sana kusemwa ukiwa unafunga kompyuta, lakini hayaandikiki. Jaribu kuyaweka kwenye ile fomu kama sababu, hayakai. Nimeshaona mara nyingi mzazi anaomba PR-01 na baada ya siku kadhaa anapigiwa simu kwamba, aah, tumeangalia tena, tunaweza kuongeza dakika.

Kwahiyo fanya hivi wiki hii. Andika barua pepe kwa mratibu wa elimu maalumu wa distrikti, nakala kwa mwalimu mkuu na mwalimu wake, Kiingereza cha kuvunjika kinatosha, hakuna sheria inayodai ufasaha. Sema tarehe fulani niliomba spichi iwe dakika 60, nikakataliwa kwa mdomo, naomba PR-01. Sema mwakilishi aliondoka kabla kikao hakijaisha na sikutoa ruhusa kwa maandishi. Sema sikupewa mkalimani. Sema naomba kikao kingine, mkalimani wa Kiswahili awepo, na mwakilishi mwenye mamlaka ya kukubali huduma akae mpaka mwisho. Sema naomba rekodi za mtaalamu wa spichi, siku gani alimwona mwanangu na kwa dakika ngapi, maana saa zingine unakuta hata zile 30 hazikutimizwa na hakuna aliyekwambia. Usitukane, usimtaje yule baba kwa ubaya, andika yaliyotokea tu. Weka tarehe na ubaki na nakala.

Wakinyamaza, piga simu OCECD, ndo kituo cha wazazi cha jimbo la Ohio, kila jimbo linacho angalau kimoja na serikali kuu inakilipia, kwako ni bure. Watakusaidia hata kupata mtu wa kukaa na wewe kikaoni, na sheria inakuruhusu kumleta yeyote anayemjua mtoto au mwenye utaalamu, awe mchungaji, awe shangazi yake, awe mtu kama mimi. Jimbo pia linaweza kuleta msimamizi wa kikao asiyeegemea upande, bila malipo. Na ikishindikana kabisa kuna malalamiko rasmi kwa idara ya elimu ya jimbo, mradi jambo halijapita mwaka mmoja, wanatakiwa wachunguze na kutoa jibu ndani ya siku 60. Hauhitaji mwanasheria kwa hilo. Ila anza na barua, mara nyingi haifiki huko.

Siku ya kikao kipya, yule baba akirudi msalimie vizuri. Inawezekana naye alitumwa na neno mfukoni kama mimi nilivyotumwa. Muulize mtaalamu wa spichi kwanza, mbele ya wote: kwa unavyomjua huyu mtoto, dakika 30 zinamtosha? Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu. Akisema hazitoshi, mgeukie mwakilishi umuulize distrikti itatoaje hizo zilizobaki, na kuanzia lini. Hakikisha idadi ya dakika, mara ngapi kwa wiki, wapi na kuanzia tarehe gani vimeandikwa ndani ya IEP yenyewe kabla hujainuka.

Na binti yako siku hiyo aende shuleni kwake.